Vita Havitengwi

Kabula mwanangu,

Niwie radhi. Tumelala chini ya paa moja tangu mvua zilipoanza hadi sasa mpunga unakaribia kukauka mashambani, na katika muda huo wote sijakuambia neno lisilokuwa la lazima. "Funga mlango." "Ng'ombe amekunywa?" "Mama yako yuko wapi?" Mtu anaweza kumkimbia mwenzake kwa namna hiyo bila kuinuka kwenye kiti. Wewe ulikuwa na sababu ya kunyamaza, kwa kuwa ni mimi niliyekunyamazisha mbele ya watu. Mimi sikuwa na sababu yoyote isipokuwa aibu, na aibu ya mzee ni ngumu kuliko ya kijana kwa kuwa imezoea kuitwa heshima.

Kesho alfajiri tutasukuma baiskeli hadi Ziba, sanduku lako likiwa limefungwa nyuma, na huko utangoja basi la Tabora, kama litakuja. Sitaandika habari za sabuni, wala za chuo, wala jinsi ya kuishi na shangazi yako huko Isevya, Tabora mjini. Mama yako amekwisha kukuambia hayo, na hata sasa namsikia chumbani akiyarudia: "Na hizo karanga usizifungue njiani, ni za wifi yangu, namjua, ataziulizia!" Mimi nitaandika lile asiloweza kukuambia kwa sababu si lake. Njiani sitaweza kulisema. Najijua. Nitazungumzia matairi.

Uondoke ukijua hili: dagashida, baraza letu la jadi, litakaa baada ya mavuno ya mpunga, nalo litanitaka nisimame katikati ya watu niseme kwamba mimi ndiye niliyemuua Nyamizi. Nikisema, kijiji kitatupokea tena. Nisiposema, tutabaki tumetengwa kama tulivyo. Sijaamua. Lakini neno hilo likisemwa litakaa juu ya jina lako kwa muda mrefu kuliko litakavyokaa juu yangu, maana mimi nimezeeka na wewe ndiye mtoto wetu wa pekee. Kwa hiyo ni haki yako ujue jinsi mambo yalivyonifikisha hapa, na uyajue kutoka kwangu.

Mwanzo wake hukuuona. Ulikuwa bado Igunga kwa mama yako mdogo siku redio iliposema kwamba vita vimezuka huko mbali, kwenye bahari ambayo meli za mafuta hupita, na kwamba meli hazipiti tena. Nikamwambia mama yako, "Hilo litafika hapa." Akacheka. "Litafikaje, Mwalimu? Bahari yenyewe hatujaiona." Lilifika. Kwanza dagaa wa Mwanza walipungua sokoni Ziba, wakawa wa kuonjwa. Kisha chumvi na sabuni zikapanda. Kisha vijana wa bodaboda wakageuza pikipiki zao kuwa viti, wanakaa juu yake kutwa nzima wakicheza bao. Malori ya kubeba pamba hayakuja. Pamba ya msimu mzima ikabaki ghalani hadi mvua zikaikuta humo na kuinyeshea kwenye matundu ya bati, na watu waliokuwa wameahidi ada za watoto wakaacha kuahidi. Barabara ikajaa watu wa miguu, kila mmoja na mzigo kichwani. Mama yako alisimama mlangoni siku moja akiwatazama, akaniambia, "Tumerudi kuwa wapagazi kama babu zako, Mwalimu. Ila wao walibeba pembe, sisi tunabeba mahindi." Nilicheka. Wakati huo bado tulikuwa tunacheka.

Lililotuogopesha zaidi ni mashine ya kusaga. Unajua kwamba umeme uliofika shuleni ni wa kuwasha taa. Hauna nguvu ya kuzungusha mashine ile, na mashine yetu ni ya dizeli tangu ilipowekwa. Ikisimama, kila mwanamke wa kijiji hiki atarudi kwenye kinu. Basi tukakutana. Kila kaya ikatoa mahindi, yakauzwa Igunga, na dizeli ikanunuliwa kabla haijaadimika kabisa, pipa zima, likaletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe kama bibi harusi, watoto wakilikimbilia. Tulikubaliana kanuni, nami niliiandika kwa mkono wangu: kila kaya kipimo chake, hakuna kukoboa, ni dona tu, na dizeli haitatumika kwa kazi nyingine yoyote isipokuwa kwa idhini ya mwenyekiti wa kijiji. Akina mama walilalamika kuhusu dona. "Tutakula kama wafungwa!" Lakini walinyoosha mikono. Masanja, mume wa Nyamizi, alinyoosha. Wote walinyoosha.

Ilipofika suala la ufunguo wa stoo, mtu mmoja alisema kwa sauti, "Akae nao Mwalimu. Huyu hata mama yake mzazi hatampa." Watu wakapiga makofi. Mama yako alikuwa nyuma kabisa. Aliniambia baadaye kwamba hakupiga. Mimi nilitembea hadi nyumbani nikiwa na raha niliyoona haya kuionyesha. Mwanangu, popote utakapokuwa, watu watakusifu kwa jambo moja, nawe utalipenda jambo hilo kwa sababu wamelisifu. Lichunguze. Ndilo utakalokosea nalo. Jambo wanalokulaumu kwalo utajihadhari nalo mwenyewe.

Hukumjua babu yako, baba yangu. Sikuzungumza habari zake kwa sababu niliona haya, na sasa naona nilikosea kukunyima. Nilipokuwa kijana, baada ya vita vya Uganda, nchi ilikosa kila kitu. Hata magari hayakuruhusiwa kutembea Jumapili mchana, kwa kubana mafuta. Sukari, sabuni, kanga, vyote vilipatikana duka la kijiji kwa foleni, na mwenye ufunguo wa duka alikuwa baba. Mbele ya duka watu walipanga mawe na vikapu kushika nafasi zao tangu jogoo la kwanza. Nyuma ya duka kulikuwa na mlango mdogo, na kwenye mlango huo walipita shangazi zangu, na wajomba, na rafiki zake wa pombe, na mwanamke mmoja ambaye mama hakupenda atajwe. Ilipofika zamu ya foleni, baba alinyanyua mikono: imekwisha. Mimi nilisimama kwenye foleni hiyo pamoja na watoto wenzangu, kwa kuwa mama alikataa kupita nyuma. Nilisikia walivyomsema. Vijana walimtungia wimbo wa kulimia, wakauimba shambani nami nikiwa katikati yao na jembe, na ilinibidi niitikie.

Nikaapa kwamba mimi sitakuwa na mlango wa nyuma. Nimefundisha maisha yangu yote kwa kiapo hicho. Mtoto wa diwani aliyechelewa nilimsimamisha nje sawa na mtoto wa mchunga ng'ombe. Wewe mwenyewe ulipokuwa darasani kwangu ulikaa nyuma kwa sababu majina yalipangwa hivyo. Nilidhani nimelimaliza kosa la baba. Kumbe nilikuwa nimeligeuzia mgongo tu, nikatembea mbali nalo hadi nikafika upande wa pili ambako kuna shimo jingine. Baba alikuwa na mlango ambao haukupaswa kuwapo. Mimi nilijenga nyumba isiyokuwa na mlango hata wa kukimbilia moto.

Siku ile ulikuwapo. Naandika tu jinsi nilivyoiona mimi, kwa sababu tuliiona kutoka pande mbili.

Ilikuwa siku ya kusaga. Foleni ya ndoo na vikapu ilitoka mlangoni hadi kwenye nguzo za umeme, jua likiwa kali ingawa mawingu yalikuwa yamejikusanya. Ulikuwa unanisaidia kupima. Masanja alikuja akikimbia, vifungo vya shati vikiwa wazi. Nilimfundisha kusoma mtu yule, na hata katika haraka ile hakuacha kuniamkia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Masanja."

"Ni Nyamizi. Ameanza uchungu tangu jana, mtoto haji. Mkunga anasema sasa ni Igunga tu. Dereva wa ile pikapu ya mpunga amekubali kutupeleka, lakini tangi ni kavu. Naomba dumu moja."

"Pole sana. Mwenyekiti amesemaje?"

"Yuko mnadani Ziba."

"Umempigia?"

"Mtandao hakuna, Mwalimu. Mnara umezimika tangu juzi."

Ilikuwa kweli. Mnara wa simu nao una jenereta, na jenereta linakunywa dizeli kama mashine yetu. Nililijua hilo. Nikamwambia, "Chukua baiskeli, umfuate. Ukija na neno lake nitafungua hapo hapo."

Mwanamke aliyekuwa mbele ya foleni alisema, "Mpe, Mwalimu, mwenzetu anakufa." Mwingine nyuma yake akajibu, "Na akija wa kesho? Na wa keshokutwa? Wanangu watatafuna punje?" Yule wa kwanza akamgeukia: "Ikiisha si utatwanga? Hiyo mikono umeiazima?" Na watu wakacheka. Unakumbuka kwamba walicheka, Kabula? Siwalaumu. Kicheko kilikuwa kimekaa karibu na vinywa vyetu siku hizo kama kikohozi. Lakini ninakumbuka nani alisema nini, na baadhi ya waliosema "na akija wa kesho" ndio leo wanaotema mate mama yako akipita.

Ndipo wewe uliposema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako: "Baba, mpe!"

Nami nikasema, "Nyamaza. Hili si la watoto." Nikafunga mlango wa stoo uliokuwa wazi nusu, nikautia ufunguo mfukoni. Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia hata mama yako. Ufunguo ulipoingia mfukoni nilijisikia vizuri. Nilijisikia nimesimama mahali ambapo baba yangu alianguka.

Masanja alikwenda Ziba kwa baiskeli. Mwenyekiti, aliponisimulia baadaye, alisema hata hakuinuka kwenye kigoda chake mnadani, alimwambia tu, "Akupe! Unaniuliza nini?" Neno fupi hilo ndilo lililosafiri kwenda na kurudi wakati Nyamizi amelala. Lilipofika jua lilikuwa limekwisha kuinama. Nikafungua. Nikapima mwenyewe hadi kwenye alama, bila kuzidisha tone, jambo ambalo baadaye lilinitisha. Wewe ulipanda nyuma ya pikapu pamoja nao bila kuniomba ruhusa, ukaweka kichwa chake mapajani mwako. Yaliyotokea njiani unayajua wewe. Sijawahi kukuuliza. Najua tu kwamba mtoto alizaliwa Igunga akiwa hai, na kwamba mama yake hakumwona.

Wauguzi walimwambia Masanja kwamba damu ilikuwa imetoka nyingi mno. Mmoja alisema wangefika mapema angepona. Mwingine alisema huenda, huenda isingesaidia. Nimezipima kauli hizo mbili usiku na mchana kama mtu anayepima mahindi kwa kopo lililotoboka, na kila nikimaliza naona nimeanza upya.

Kwenye mazishi hakuna aliyenifukuza. Wanaume walikuwa wakipokezana koleo kaburini kama ilivyo desturi. Nilinyoosha mkono kupokea, kijana aliyekuwa nalo akanitazama, akampa mtu wa upande wangu wa pili. Nikabaki na mkono umenyooka. Hapo ndipo nilipojua, kabla wazee hawajakaa na kutamka.

Unajua kutengwa maana yake nini kwa sababu umekula chumvi yake pamoja nasi: hatuombi moto, hatuazimwi jembe, hatualikwi harusini wala msibani, na hakuna anayeitikia salamu yetu. Lakini wewe ulikuwa mkaidi, ulijifungia na vitabu. Mama yako ndiye aliyekwenda kisimani. Siku za mwanzo aliwasalimu kama kawaida, "Mwangaluka!" nao wakageuza nyuso kwenye ndoo. Siku moja nilimfuata nyuma kumsaidia dumu, nikamsikia anasalimu, kisha akajijibu mwenyewe, "Mwangaluka, mama Kabula, umeamkaje? Nimeamka salama, sijui nyie." Wanawake wawili walishindwa kujizuia, wakacheka wakiwa wamegeuka. Nilipomwambia asifanye hivyo, anajidhalilisha, alinijibu, "Wewe kaa na heshima yako. Mimi nataka kusikia jina langu."

Na kuna maziwa. Ng'ombe wetu alizaa mwezi ule ule. Mtoto wa Nyamizi analelewa na bibi yake, mama yake Masanja, ambaye ng'ombe wake wamekauka, na maziwa ya kopo hayapatikani, na yakipatikana bei haishikiki. Mama yako alipeleka maziwa kwenye kibuyu, akayaweka kwenye uzio wao bila kusema neno. Kesho yake alikikuta kibuyu palepale, maziwa yameganda, sisimizi wamejipanga. Akapeleka tena. Bibi yule alitoka, akasimama mbali, akasema huku akilia, "Mama Kabula, usinitie majaribuni. Wakiniona nami watanitenga, na huyu mtoto atabaki na nani?" Wanampa uji. Nimemwona kwa mbali mgongoni mwa bibi yake. Shingo yake ni nyembamba.

Nitakuambia nilivyofikiri miezi hii, hata lile lisilonipendeza. Nilikasirika. Nilisema moyoni: hawa walinyoosha mikono, hawa walinipa ufunguo, hawa walicheka kwenye foleni. Wanaopigana huko baharini ndio waliokausha tangi la pikapu, ndio waliozima mnara, lakini hao hawatachota maji kisimani kwetu. Vita havitengwi. Huwezi kuvinyima moto, huwezi kuviacha bila salamu, huwezi kuvitoza ng'ombe. Mtu aliye karibu hutengwa kwa niaba ya aliye mbali, na mimi nilikuwa karibu, tena na ufunguo mfukoni.

Nadhani fikra hiyo ni ya kweli. Lakini niliishika kwa muda mrefu mno, na ukweli ukishikwa hivyo hugeuka kuwa maficho. Vita vilikausha tangi. Havikusema "mfuate mwenyekiti". Hayo niliyasema mimi, kwa Kiswahili safi.

Wala usiondoke hapa ukidhani baba yako anakufundisha kwamba kanuni ni upumbavu. Baada ya mazishi walininyang'anya ufunguo wakampa mtu mwenye huruma. Alimpa kila aliyeomba. Dizeli ikaenda kwenye harusi, ikaenda kwenye jenereta la mwenye baa ili watu watazame mpira, nyingine ikaonekana Igunga. Pipa likakauka kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Sasa kila alfajiri unasikia michi kutoka kila ua, na mikono ya mama yako unaijua ilivyo. Kanuni yangu ilikuwa nzuri. Ingewalisha hadi leo. Na kwa kanuni hiyo hiyo Nyamizi amekufa. Nimeishi miaka mingi nikiamini kwamba jambo haliwezi kuwa yote mawili, na nimewapiga watoto kwa imani hiyo.

Utakapokuwa mwalimu utatunga kanuni, kwa sababu darasa bila kanuni ni mnada. Zitunge. Lakini siku utakapoona umefurahi kwa sababu umekataa, simama.

Sasa nikueleze habari za Masanja, maana hizi huzijui. Wiki iliyopita, wewe ukiwa umekwenda kanisani na mama yako, alikuja. Amevunja marufuku kwa kuja. Hakuingia, alisimama nje ya uzio wa minyaa, kofia mkononi. Hakuniamkia, kwa kuwa hilo nalo limekatazwa, lakini niliona midomo yake ikianza kisha ikajizuia.

Alisema, "Wazee watataka ng'ombe. Mimi sitaki ng'ombe wako."

"Unataka nini, Masanja?"

"Useme."

"Niseme nini?"

"Kwamba ni wewe."

Nikamjibu kama nilivyozoea kujibu. "Na kanuni? Na mwenyekiti aliyekwenda mnadani? Na wewe mwenyewe, hukunyoosha mkono siku ile?"

"Nilinyoosha."

"Basi?"

Akazungusha kofia mkononi. "Mimi yangu nimekwisha kuyasema, Mwalimu. Ningemwondoa mapema. Ningemwomba dereva tangu usiku. Ningevunja ule mlango. Nina mikono, ningeuvunja, wewe ungenifanya nini? Lakini nikapanda baiskeli, kwa sababu wewe ulisema. Kila siku nayasema haya. Sasa nataka nisiseme peke yangu."

Akavaa kofia, akaondoka.

Nilipomwambia mama yako alikuwa anatwanga. Hakuacha kutwanga. "Sema, baba Kabula." Mchi ukashuka. "Ukisema, yule mtoto atakunywa maziwa." Mchi ukashuka. "Ukisema, mwanangu atakuwa binti wa aliyeua mwanamke akijifungua, na hakuna mama mkwe atakayelisahau hilo, hata Tabora." Mchi ukashuka. "Kwa hiyo usiseme." Kisha akasimama, akafuta jasho kwa pindo la kanga. "Mimi nimechoka, Mwalimu. Nimekutwangia unga, usiniambie nikutwangie na akili."

Yuko sawa pande zote mbili, na hapo ndipo nilipokwama. Neno linalosemwa dagashida halifutiki. Halitasemwa kwamba mwalimu fulani alichelewesha dizeli wakati wa shida ya mafuta. Shida ya mafuta itasahauliwa. Meli zitapita, malori yatarudi, watoto watakaozaliwa watadhani tunatia chumvi. Litabaki: baba yake Kabula alikiri. Utalikuta kwenye chumba cha walimu siku yoyote atakapohamia mtu wa Igunga. Utalikuta siku wazee wa kijana fulani watakapokuja kuuliza ukoo wetu. Nilibeba wimbo wa baba yangu shambani nikaitikia, na nilitaka wewe usibebe wimbo wa mtu. Na tena sina hakika kwamba neno lenyewe ni la kweli. Nimewahukumu watoto wengi kwa kusema wasichokuwa na hakika nacho. Je, nisimame mbele ya Mungu na watu niseme nimeua, na huenda angekufa hata hivyo? Au hiyo "huenda" ndiyo ufunguo wangu mwingine, ninautia mfukoni na kujisikia vizuri?

Sikuandiki ili uniamulie. Mtoto habebeshwi hukumu ya baba yake halafu akaambiwa yeye ndiye aliyeichagua. Lakini siku ile foleni nzima ya watu wazima ilikuwa na maneno mengi na wewe ulikuwa na mawili, na yalikuwa sahihi. Kama unayo mengine, yaandike yanifikie kabla ya mavuno. Hata yakiwa makali. Hasa yakiwa makali. Na kama kuna lolote Nyamizi alilosema njiani, na unaweza kuliandika, liandike. Kama huwezi, usiliandike, sitauliza tena.

Basi linaweza kukuchelewesha Ziba. Watu wa kijiji chetu watakuwapo kituoni nao wakilingoja, na hawatakusogezea nafasi kwenye benchi. Simama. Ukifika Tabora hakuna anayekujua, na siku za kwanza utaona hilo ni tamu. Usilizoee sana. Nimeona waliotengwa wakahamia mjini wakapata salamu mpya kila asubuhi, na bado macho yao yako njiani.

Mpunga utavunwa mwezi ujao, na dagashida haichelewi. Siku hiyo nitavaa koti langu, nitakwenda, nitakaa mahali watakaponiweka. Nitakachosema sikijui leo ninapoandika. Habari zitatoka hapa haraka kuliko barua. Kutakuwa na mtu sokoni, kutakuwa na mtu kwenye basi, na kila mmoja atakuwa na maneno yangu kwa namna yake. Usiwaulize. Wakikuambia, waambie unangoja kusikia kwa baba yako. Siku nitakapokuwa nimeamua, kabla sijainuka kwenda kule, nitakaa nikuandikie wewe kwanza, ili neno hilo, likiwa la kukiri au la kukataa, uwe umelisoma kwa mkono wangu.

Baba yako